Basi Lisilopiga Hodi

Pale Dagoretti Corner hakuna aliyeyasifu mabasi ya stima, haya yanayotumia umeme, kunishinda mimi. Nina pumu, na kibanda changu cha kushonea nguo kinatazamana na steji ya matatu. Kwa miaka mingi nimeshona huku nikivuta moshi wa dizeli, jioni napenga kamasi nyeusi. Mabasi hayo yalipoanza kupita Ngong Road, moja hapa, moja pale, kifua kilipata nafuu, nami nikageuka mhubiri. Mteja hakupimwa kiuno bila kuhubiriwa.

Baba alikuwa akisikiliza tu. Macho yake yalikuwa yamezimika, lakini kila asubuhi alivuka barabara peke yake kwenda kupiga soga na wazee wenzake wa kanisa upande wa pili. Alivuka kwa masikio. Matatu zetu hazijui kunyamaza, kwa hiyo alingoja ngurumo zipungue, akatanguliza fimbo, akaenda. Nikijaribu kumshika mkono, anauchomoa.

"Mama," huniambia, kwa kuwa nina jina la mama yake, "unanipeleka harusini?"

Asubuhi moja nilikuwa nimeinamia cherehani. Barabara ikatulia. Niliinua kichwa nikamwona Baba katikati ya lami, anatembea kwa raha zake, na basi la stima linamjia.

Breki zikalia. Basi lilisimama fimbo yake ikiwa imegusa bampa.

Sijui nilifikaje pale. Makanga wa basi alikuwa ameruka chini, amefura kwa hasira.

"Mzee, gari kubwa hivi hujaiona? Unataka tulale seli kwa sababu yako?" Kisha akayaona macho ya Baba, akashusha sauti. "Pole, mzee wangu. Hii ni ya stima, haina kelele."

Baba aliweka kiganja kwenye basi, kama anayempima mtoto homa. "Imezimwa?"

"Inawaka," dereva akajibu kutoka dirishani. Hata yeye alikuwa amepauka.

Hapo nililipuka. Nilimwambia dereva wanatembeza vyuma bubu kati ya watu, hata honi hawapigi, na kwamba afadhali moshi wetu wa zamani. Wateja wangu walinitazama vinywa wazi. Jana yake tu nilikuwa nikiwahubiria.

Baba aliniacha nimalize.

"Mama, siku hizi usiku sikusikii ukihangaika na pumzi. Ni gari hizi zimesaidia?"

Nilitamani kukataa. "Ndiyo, Baba. Zimesaidia."

"Basi ziache zipite."

Kisha akanyoosha mkono hewani, akinitafuta.

"Nishike," akasema.

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na basi. Tangu macho yake yazimike, hakuwahi kuniomba hivyo. Nikamvusha. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na hadi leo hajavuka tena peke yake.