Fisi wa Tata katika Gazeti la Kampuni

Gazeti la kampuni liligawiwa Jumamosi, palepale tulipopanga foleni ya posho, na mpaka leo harufu ya samaki mkavu hunikumbusha wino wake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tata, yaani baba yangu, karani wa ofisi ya kambi yetu ya wachimba shaba hapa Kolwezi, alikuwa amepewa kona ya ukurasa wa mwisho achore wanyama wa hadithi. Visanduku vinne tu kila juma: Kalulu, yule sungura mjanja, na Fisi mlafi anayezunguka nyumba za wenzake akifunua masufuria, eti anakagua usafi. Tata alichorea kwenye meza ya kulia, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni ya mdomo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuona. Juma la tatu Fisi alivaa kofia iliyoinamia sikio la kushoto. Niliijua ile kofia. Mkuu wa kambi, Mzungu aliyeingia majikoni mwetu kila Jumatano, aliivaa hivyohivyo. Nilimtazama tata.

“Fisi ni fisi tu, Odile,” akasema. “Ukisema kingine, tutalala wapi?”

Nilielewa. Nyumba ilikuwa ya kampuni; aliyefukuzwa kazi alitoka na godoro lake kichwani.

Sikuwa msemaji. Shuleni waliniita Bubu. Lakini akina mama wengi wa foleni hawakujua kusoma, na Jumamosi gazeti lile lilipotoka, jirani yetu Mama Kapinga alinisukuma mbele: “Kuya, mwana, utusomee bale banyama.” Nikasoma nikibadilisha sauti, Fisi nikamsemesha puani, nao wakacheka mpaka unga ukamwagika kutoka kwenye mabakuli. Sikuwahi kusikilizwa vile. “Na huyu Fisi, tunamujua?” akauliza Mama Kapinga. Ningeweza kunyamaza, kazi niliyoiweza kuliko zote. Badala yake nilishika kitambaa changu cha kichwa, nikakiinamisha kwenye sikio la kushoto.

Jumatano, mkuu wa kambi alipoinua kifuniko jikoni kwa Mama Kapinga, binti yake wa miaka minne aliuliza, “Mama, Fisi anatafuta nini mu sufuria yetu?” Wanawake uani wakaangua kicheko. Mzungu yule alijua Kiswahili vizuri. Jumamosi, mahali pa Kalulu palikuwa na tangazo la sabuni. Mama alikwisha kufunga vyombo, akisema tutakwenda kwa nyanya, Lubudi. Baada ya siku tatu tata aliitwa: nyumba tubaki nayo, ila yeye atoke ofisini, aende kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba.

Sasa nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari kwa masista, na haya nayaandika katika daftari ninalolificha. Kofia zile bado zinaingia majikoni. Siku hizi watu wanacheka wakishafunga mlango. Vidole vya tata vimekakamaa, kalamu anaishika kama nyundo. Sijawahi kumwambia kwamba ni mimi. Jana mdogo wangu Béatrice alikuta gazeti la mwisho lenye wanyama wa tata chini ya godoro: Kalulu amejificha ndani ya sufuria, mkono wa Fisi uko kwenye kifuniko.

“Tata, alikamatwa?”

Tata aliendelea kunawa vumbi mikononi. “Uliza dada yako,” akasema. “Yeye ndiye alikuwa anajua kusoma vizuri.”

Kisha akaja nilipoketi, na kwa kidole chake kigumu, chenye maji bado, akaniwekea sawa kitambaa cha kichwa.