Kiguu na Njia na Trekta Lililokamata

Wako watu wakikaa, kiti hupata joto. Yeye kiti chake kilikuwa baridi mwaka mzima. Mchele aliuchambua akitembea na ungo mkononi, na inasemekana siku ya harusi yake aliinuka katikati ya nasaha akaenda kuangalia kama maji yamechemka. Ndiyo maana jina lake likapotea, akabaki Kiguu na Njia, hata kwa wakwe.

Mumewe alipofariki alimwachia watoto, mama mkwe na trekta kuukuu. Trekta ndilo lililowalisha wote, kwa kulima mashamba ya watu. Bomba lake la moshi limetazama juu, na marehemu hakuwa akilala kabla hajalifunika kwa kopo. Kwenye msiba nani angekumbuka kopo? Mvua ikanyesha wiki nzima, maji yakateremka bombani mpaka kwenye silinda, kutu ikaziuma pistoni, injini ikakamata kisawasawa, haizunguki hata kidogo. Kopo lenyewe lilikuwa bandani, vifaranga vya mama mkwe vikinywea. Kila mtu aliliona. Nani angemwambia mwenye vifaranga?

Mwenye maneno alikuwa shemeji, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, hicho chuma kimekufa. Watu wa chuma chakavu wanakuja na lori siku ya soko."

"Kimekufa, umekizika wewe?"

"Haya, izungushe hiyo injini tuone."

Mama mkwe, aliyekuwa akipukuchua mahindi, hakuinua hata uso. "Injini ikizunguka, trekta linabaki. Isipozunguka, lori libebe. Na nisisikie tena kelele zenu."

Kiguu na Njia akajua yamemfika shingoni. Trekta likiondoka, atakuwa mgeni ndani ya nyumba aliyoipiga sakafu kwa mikono yake, mtu wa kumwomba shemeji hadi chumvi.

Akamwita fundi, rafiki wa marehemu, mtu mnene mwenye haraka ya kinyonga. Fundi akafungua nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini, akamimina dizeli na oili kwenye kila silinda, akatoa stata, ile mota ya kuwashia. Kwenye tundu la stata akaingiza mtaimbo, akaukita kwenye meno ya gurudumu la injini, akaulalia kwa kitambi chote. Wapi! Akachukua chaki, akachora mstari kwenye puli ya mbele, kigurudumu cha mkanda kinachozunguka na injini, na mwingine kwenye chuma cha pembeni kisichozunguka, mistari ikatazamana.

"Mistari ikiachana, ujue imekubali. Sasa tuiache inywe. Subira yavuta heri, mama."

"Yako ndiyo inavuta heri. Yangu inavuta lori."

"Sikiliza. Usiigonge, usiivute kwa gari, utapinda vitu vya ndani halafu usiniite. Kuisukuma kidogo, mbele na nyuma, ruksa."

Katika maneno yote hayo alilisikia la mwisho tu. Akienda kuteka maji, anasukuma mtaimbo, akirudi, anauvuta. Akitoka kuanika nguo, anasukuma. Maharage yakaungua, akaenda kusukuma yakiwa bado yanafuka moshi. Watoto wakimtafuta hawakuita tena, walifuata mlio wa chuma. Kila mara aliinama kutazama chaki, na mistari ilitazamana vilevile kama mabubu wawili.

"We mwanamke," mama mkwe akasema, "hicho chuma kina kwikwi?"

"Kina maji, mama."

Mama mkwe akaangalia bandani.

Kabla ya siku ya soko shemeji akaja na trekta la jirani na mnyororo. "Tutie gia, tulivute. Litake lisitake litazunguka."

Onyo la fundi alilikumbuka, lakini viganja vilimwasha. Kungoja kulikwishamchosha, afadhali livunjike ajue moja! Akaushika mnyororo mwenyewe, akapiga magoti kuufunga. Hapo jicho likaangukia chaki. Mistari haikutazamana. Ilipishana kwa upana wa punje ya mchele. Au ni macho? Akaukimbilia mtaimbo, akauvuta: mistari ikakutana. Akausukuma: ikaachana.

"Toa mnyororo wako."

"Shemeji, una wazimu?"

"Ninao. Utoe."

Tangu hapo hata kula alikula amesimama pale, sahani juu ya tairi. Punje ikawa kidole, kidole kikawa kiganja, kisha injini ikagoma tena.

Siku ya soko lori likaja, likapiga honi kabla ya kusimama. Shemeji kavaa shati jeupe la mjini. Fundi naye akafika, akakaa kwenye ndoo. Kiguu na Njia hakusalimia mtu. Alisukuma, akavuta, akasukuma.

"Jamani, maiti haitekenywi," shemeji akasema, akainamia injini kuwaonyesha watu wa lori vilivyooza.

"Shemeji, sogea."

"Nisogee niende wapi?"

Injini ikalia kama bawaba ya mlango wa ghala, mtaimbo ukamponyoka Kiguu na Njia, akaukita kwenye jino lingine na lingine, puli ikazunguka mzunguko mzima, na kwenye matundu ya nozeli yakaruka maji meusi yenye kutu na mafuta, yote kifuani kwa shemeji.

Fundi alicheka mpaka ndoo ikapinduka. Watu wa lori waliangaliana, wakauliza kama basi kuna sufuria mbovu.

Mama mkwe akajikokota hadi bandani. Akamwaga maji, akalifuta kopo kwa upindo wa kanga, akaja nalo.

"Shika. Vifaranga vimekua."

Kiguu na Njia akalipokea kwa mikono miwili, akapanda kwenye tairi, akalifunika bomba, akaligonga kidogo likae. Akiteremka alikuwa ameshaanza kusema:

"Fundi, unangoja nini hapo chini? Hizo nozeli zitarudi zenyewe?"