Shamba Lililofukiwa Kichwa Chini

Ukitaka kumwona Muhawenimana anatema mate, mtamkie neno "tutarudisha". Mama huyo mpole, anayefundisha jiografia darasa la sita pale kijijini Kibabi na kulima maharagwe akitoka shule, atakunja uso kama mtu aliyekanyaga kinyesi kwa mguu mtupu.

Aliyemfanya alichukie neno hilo ni mdogo wake, Viateur. Alikuwa amejiunga na kundi la wachimba koltani, yale madini ya bei ghali, akaja na wenzake kuomba kuchimba shamba la marehemu mama yao, lile la ubavuni mwa kilima lililolisha nyumba nzima. Muhawenimana akakataa. Shangazi zake wakamjia juu, eti anambania mtoto wa kiume haki yake. Basi akakubali kwa sharti moja: udongo mweusi wa juu uwekwe peke yake, mwekundu wa chini peke yake, na siku ya kufukia shimo, mwekundu utangulie, mweusi umalizie.

"Tutarudisha yote, dada," Viateur akaapa. "Hata kitunga moja haitapotea."

Na kweli hakikupotea kitu. Walichimba msimu mzima, wakapata vijiwe vya kujaza kiganja, wakachoka. Siku ya kufukia, ule mweusi ulikuwa umerundikwa pale pale ukingoni, mwekundu uko mbali kidogo. Wavivu wale wakasukuma uliokuwa karibu. Mwekundu wakaumwaga juu, wakausawazisha, wakaukanyagakanyaga, kisha Viateur akamwita dada yake aje kusifu kazi.

Alikuta uwanja mwekundu, unanata, haukuwa na hata mnyoo. Akatema mate.

"Mumegeuza yote juu chini!"

"Udongo iko udongo tu, dada. Njo ileile."

Na huyu Viateur alisoma darasani mwake! Aliimba na wenzake matabaka ya dunia, ganda, joho la mawe ya moto, kiini, hadi sauti ikakauka. Alijibu bila kigugumizi kwamba kutoka unyayoni hadi katikati ya dunia ni zaidi ya kilomita elfu sita. Katika kilomita zote hizo, Mungu amewapa watu wa kilima hiki kina cha goti tu cha kuoteshea chakula. Goti hilo ndilo alilolizika mjinga huyu.

Akapanda maharagwe hivyo hivyo, kwa kuwa tumbo halisubiri. Yakaota ya manjano, membamba, yakadumaa. Mvua ikipiga, ule mwekundu uliteremka hadi mtoni. Viateur akamletea samaki wa kukaushwa kutoka Walikale, kumpoza moyo. Muhawenimana akamtupia mbwa wa jirani yule samaki, huku Viateur mwenyewe anaona.

Likizo ilipofika akachukua jembe. Akachimba pale pale, akiutoa mwekundu na kuubeba kwa kitunga hadi mbali, kiuno kikimuuma, akiwatukana wachimbaji wote kwa majina yao. Mwishowe jembe likazama kwenye kitu laini. Mweusi! Akauchota kwa mikono, akaunusa, akaanza kuurundika juu ya majani ya migomba, machozi yakimlenga. Ungetosha kufunika kipande cha shamba, na kipande kingetosha kuanzia msimu.

Wapita njia wakamwona mwalimu yuko shimoni hadi kifuani, anacheka peke yake. Habari ya namna hiyo hailali Kibabi. Jua lilikuwa bado halijakaza alipofika Viateur mbio, koleo begani, wenzake nyuma.

"Dada, umepata koltani? Iko wapi?"

"Nimepata udongo."

Wakaangua kicheko. "Usitufiche, Madame," mmoja wao akasema. "Hakuna muntu anaweza kuchimba hivi sababu ya udongo."

"Niko nachimba udongo!" akapiga kelele. "Udongo ya mama yetu, Viateur, ile ulizika!"

Alitamani kuwatapikia. Viateur akamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona dada yake anashikwa na uchoyo uzeeni, halafu akawakonyeza wenzake. Akachagua mahali karibu naye kabisa, akavua shati, akachomeka koleo. Donge lake la kwanza la udongo mwekundu likatua juu ya ule mweusi, pale kwenye majani ya migomba.