Nukta za K.U.K.U.

Ubishi wa nukta umekwisha leo, na aliyeumaliza ni mtetea mgonjwa.

Wenzangu mnaosoma hapa kwenye ubao wa klabu yetu ya Kiswahili, mnakumbuka mlivyonicheka.
Nilisema jina la ofisi yetu, Kituo cha Utafiti wa Kamba na Usumba, likifupishwa litiwe nukta: K.U.K.U.
Mkuu wetu, Bwana Saidi, akasema nukta ni uchafu, herufi kubwa zatosha.

Basi asubuhi fundi kamaliza kuandika kibao cha mlangoni, KUKU, bila nukta.
Rangi haijakauka, akaingia Bi Raya wa Mgogoni, kuku kwapani.

"Mwanangu, huyu hali tokea jana. Mtazameni."

"Bi Raya, hapa twajaribu mashine za kusokota kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi," nikamwambia.

"Usinifanye mjinga. Nimesoma mwenyewe hapo nje: kuku."

Bwana Saidi akacheka mpaka akakohoa.
"Fundi, tia nukta."

Nilitamani kurukaruka mbele ya wakubwa.
Nani bado anazicheka nukta zangu? Aandike jina lake hapa chini.

Bi Raya tukamwelekeza kwa bwana mifugo, lakini kwanza akakisoma upya kibao kilichokwisha kutiwa nukta, polepole.

"Sasa hakisomeki."

"Ndivyo tunavyotaka, Bi," akajibu Bwana Saidi.