Mpira wa Vidole vya Baba

Mama alipofariki, baba aligoma kula. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza vidole vya mkono wa kulia, na miaka yote ya ugonjwa ule mama ndiye aliyemlisha, tonge kwa tonge. Sasa kila nikitandika mkeka, baba alifungua mdomo na kugeukia upande aliokuwa akikaa mama. Anangoja. Wallahi, nywele zilinisimama! Nikimpelekea tonge mimi, alifunga mdomo.

"Mama yako iko njiani," alisema.

Shehe alikuja kumwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula kwa mkono wa kushoto. Baba alimsikiliza kwa adabu, akamuaga, na hakula. Alikonda hadi kanzu ikawa inamvaa yeye. Niliogopa kwamba hataifikia arobaini ya mama.

Mimi ni fundi cherehani kama baba. Alinifundisha mwenyewe, hapa hapa mtaani Nyamirambo, miaka ya sabini. Basi nikakata ngozi ya mkoba mkuukuu, nikaishonea kijiko, nikamfunga mkononi. Alikivua kwa meno, akakitupa uani.

"Oya, hapana! Kijiko iko ya mgonjwa."

Haya. Nikaenda Gikondo kwenye magereji, nikaomba vipande vya tyubu za magurudumu. Kifundo chake cha mkono kilikuwa bado na nguvu, kwa hiyo nikashona mkanda wa kifundo na pete za ngozi za vidole, nikaviunganisha kwa mpira: akiinua kifundo, mpira uvute vidole vikutane na gumba. Tukajaribu. Vidole vililegea tu. Hasira zikanipanda, nikaitukana ile ngozi matusi yote niyajuayo. Kumbe nilimpima kama wateja wote, amesimama, mkono unaning'inia, kana kwamba namshonea shati! Nani anakula hivyo? Nikamketisha mkekani, nikampima upya mkono ukiwa juu ya sahani.

Kesho yake mchana nikaweka ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Baba alimega, tonge likadondoka. Akamega tena, akachovya, likafika kinywani. Nilipiga vigelegele kama mwehu. Alikula hadi akamaliza, bila kugeuka pembeni hata kidogo.

Ndipo alipogeuka, akatazama pale alipokuwa akikaa mama, machozi yakamtoka.

"Nilipokuwa na njaa nilikuwa namuona," alisema. "Sasa nimeshiba, simuoni."

Akaninyooshea mkono nimvue ule mkanda.

"Sikuvui, baba," nikamwambia. "Mama amekwenda. Na jioni utakula tena."

Nikamshika mkono ule ule, tukalia.