Uzi wa Kupimia Uvimbe

Kila asubuhi, mama jirani yangu wa Lambwe huchemsha majani ya mwarobaini, huonja uchungu wake kwanza yeye mwenyewe, ndipo akamnywesha mbwa wake mwenye saratani. Sindano za kemotherapi alizikataa, maana matibabu ya jina hilo yalimdhoofisha dada yake hadi kaburini, na daktari wa mifugo wa kule Rangwe hakujitaabisha kumweleza kwamba dozi ya mbwa huwa nyepesi kuliko ya binadamu. Aibu hiyo ni ya daktari. Mbwa akishakunywa, mama huuzungushia uvimbe uzi alioukata siku ya kwanza kwa kipimo chake. "Haujakua, mwalimu," huniambia kwa sauti ya chini. Leo uzi haukutosha. Akauvuta kwa nguvu ncha zikutane. Mbwa akalia, naye mama akauachia uzi. "Mwalimu," akauliza bila kunitazama, "yule daktari bado yuko Rangwe?"