Mabomba Yaliyogonga kwa Mshona Kofia

Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba kabla ya kupofuka. Tulipooana, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kazi hazikumpungukia. Malindi ilikuwa ikijaa mahoteli, na kila hoteli ilikuwa na vyoo vyake, na vyoo havikosi kuharibika. Alikuwa akirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Muyeye, ananuka kutu na sabuni, na kabla hata ya kula hunisimulia habari za mabomba kama wengine wanavyosimulia habari za watu.

Siku ya ajali alikuwa akizibua bomba la maji machafu. Ile dawa kali ya kuyeyushia mafuta ilichemka ikamrukia usoni. Wenzake walimmwagia maji hadi ndoo zikaisha, na madaktari wa Mombasa walifanya waliloweza. Jicho moja lilibaki linaona mwanga tu, kama mtu anayetazama mchana akiwa ndani ya chandarua. La pili halikubaki na kitu.

Mama yake alituma watu kutoka Rabai. Rudini nyumbani, alisema, minazi ipo, mihogo ipo, hamtalala njaa. Mimi nilikuwa tayari kurudi. Lakini yeye alikaa mlangoni kutwa, na mfuko wake wa zana alikuwa ameusukuma chini ya kitanda, mbali kabisa, hata nilipofagia sikuufikia. Mimi nikaanza kukaanga mahamri alfajiri na kuyapeleka kwa wateja mjini.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa bibi mjane, mwenyeji wa Malindi wa tangu na tangu, mshona kofia. Alikaa vyumba vya chini, na vya ghorofani akivipangisha kwa wageni wapitao. Asubuhi moja nilimkuta amesimama barazani, kofia mkono mmoja na sindano mkono wa pili, uso umemkunjika.

"Mgeni wangu mwingine kanihama," alisema. "Asema nyumba ina jini, lapiga ukuta."

"Lapiga wakati gani, Bibi?"

"Kila mtu akitoka chooni. Jini gani hilo lisilo na adabu?"

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu ili nimchekeshe. Hakucheka. Aliinua kichwa.

"Linapiga mara moja likanyamaza, au linapiga kisha linatetemeka?"

"Sijui."

"Kaulize."

Tangu ajali ile hakuwa ameuliza kitu chochote, hata chakula ni nini. Kesho yake sikuuliza. Niliomba ruhusa nikapanda ghorofani kusikiliza mwenyewe. Choo kile hakikuwa na tangi. Kilikuwa na vali nene ya shaba iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba, ina mkono mfupi wa kubonyeza. Niliubonyeza. Maji yakashuka kwa nguvu, yakakatika ghafla, na ukuta ukapiga ngu! Kisha ngu-ngu-ngu, ndogo ndogo, hadi nilipohisi sakafu ikitetemeka chini ya nyayo zangu. Wallahi, kama ningekuwa mgeni na mimi ningehama.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mlio ule kwa kiganja changu mlangoni. Akatabasamu.

"Si jini. Ni maji," alisema. "Maji yakikimbia ndani ya bomba yana uzito. Ni kama watu wanaokimbia katika uchochoro. Ukiwafungia mlango ghafla mbele, wa nyuma wanawavamia wa mbele. Kile kishindo ndicho hicho. Vali ya choo kile inatakiwa ijifunge polepole, na kuna kitu kinaifunga upesi."

"Basi twende ukaitengeneze."

Akainamisha kichwa. "Kwa macho ya nani?"

"Kwa yangu," nilisema. Neno lilinitoka kabla sijalifikiri. Mimi spana nilikuwa nimeishika zamani tu, nikiisogeza nipate kufagia.

Tulikwenda siku ya pili yake, yeye ameshika bega langu, mimi nimebeba mfuko. Tulipiga hodi, tukatoa shikamoo, na bibi akatuitikia marahaba huku akitutazama. Aliyatazama macho ya mume wangu, akanitazama mimi, akautazama mfuko.

"Fundi ni yupi?"

"Ni sote wawili, Bibi," nilijibu.

"Sijapata kuona fundi mmoja mwenye viwiliwili viwili." Akafungua mlango wote. "Ingieni. Na mie nimechoka na jini hili."

Mume wangu aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, kiganja kimoja ukutani. Aliniambia nifunge kwanza koki ndogo iliyo ubavuni mwa vali ili maji yasiturukie. "Ukiona inakataa usiilazimishe. Iregeze kidogo, kisha uirudishe tena." Nilifanya hivyo. Akaniambia nifunge kitambaa kwenye kifuniko cha shaba ili meno ya spana yasikikwaruze. Spana ikaniteleza ikaniumiza vidole. Nilisema neno ambalo mke hapaswi kulisema mbele ya mumewe. Yeye akasema, "Sasa umeanza kuwa fundi."

Kifuniko kikafunguka. Ndani mlikuwa na duara la mpira, pana kama kiganja cha mtoto. Nikamwekea mkononi. Nilimwona akiligeuza kwa ncha za vidole, taratibu, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekutana na jamaa yake sokoni.

"Pembeni kuna kitundu," alisema. "Kiko vipi?"

Akanieleza huku nikitazama. Ukibonyeza mkono, maji yaliyo juu ya mpira huponyoka, mpira ukainuka, na maji mengi yakapita kwenda chooni. Halafu maji machache hupenya katika kitundu kile, yakajaa tena juu ya mpira na kuusukuma chini mpaka ufunge. Kitundu kikiwa chembamba, mpira hushuka taratibu. Kikizibwa, choo hakikatiki maji. Kikipanuka, mpira huanguka kwa mara moja.

"Kingetakiwa kiwe kama ncha ya pini," alisema. "Kijiti cha kiberiti kinapita?"

Nikajaribu. "Kinakaribia kupita."

"Basi kuna mtu amekipanua."

Tukasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa bibi mwenyewe.

"Ni mie," alisema. "Maji yalikuwa hayakatiki, kutwa kucha yatiririka. Nikachukua spana ya marehemu mume wangu, nikafungua, nikaona tundu limezibwa na chokaa. Nikalizibua kwa sindano yangu, nikalizungusha vizuri lisizibe tena. Maji yakakatika, nikamshukuru Mungu. Jini likaanza siku hiyo hiyo."

Nilidhani mume wangu atamcheka. Alisema, "Bibi, ugonjwa uliujua sawasawa. Dawa ndiyo iliyozidi." Na bibi akatikisa kichwa akasema kwamba hata kofia, tundu la nakshi likizidi ukubwa kofia imeharibika, na yeye aliyashona matundu maisha yake yote, iweje asijue?

Mpira mpya haukupatikana mjini, kwa kuwa vali ile ilikuwa kuukuu, ilitoka hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha vyoo, na marehemu mume wa bibi ndiye aliyeinunua. Lakini mume wangu alikuwa na tabia ya kutotupa kitu. Chini kabisa ya mfuko wake nilikuta mpira wa aina ile ile, mzima, ila umeganda chokaa kama kwato. Maji yetu ya pwani yana chokaa nyingi. Sufuria yoyote ya Malindi itakwambia. Aliniambia niuroweke katika maji ya ndimu. Bibi akaleta ndimu kutoka jikoni, akazikamua mwenyewe, na tukauona ule ukoga mweupe ukitoa povu na kubanduka. Tulikunywa chai tukisubiri. Kitundu kilipotokea, mume wangu hakuniruhusu nikiguse na kitu chochote. Alikipuliza kwa mdomo.

Tukarudisha kila kitu, nikafungua koki, nikabonyeza. Maji yakashuka, yakapungua pole pole, na nilikuwa nimeshaanza kufurahi ukuta ulipopiga tena. Ngu. Mara hii kidogo, lakini ulipiga.

Machozi yalinilenga. Nilimwona bibi akitazama pembeni kwa kutuonea haya, na hilo liliniuma kuliko kishindo. Mume wangu alisema tu, "Subiri. Bonyeza tena."

Alisimama, akaanza kupapasa bomba pale linapotoka ukutani, akalifuata hadi kwenye kona. "Linacheza. Vishikizo vyake vimekwenda." Nilichungulia nikaona kweli, hewa ya bahari ilikuwa imevila vyuma vyote, bomba lilikuwa likining'inia na kujigonga kwenye jiwe. Kisha akamwuliza bibi, "Je, kuna kipande cha bomba kilichosimama wima karibu na choo, kimezibwa juu, hakiendi popote?"

"Kipo. Mume wangu akisema fundi alikisahau."

"Hakukisahau. Mle mnakaa hewa. Maji yakija kwa kishindo huiegemea ile hewa kama mtu anayejitupa kwenye godoro. Siku zikipita maji huimeza hewa, mle mkajaa maji matupu, na godoro likawa jiwe."

Basi nilishuka nikafunga koki kubwa ya uani, nikafungua mifereji yote ya nyumba, ya juu na ya chini, mpaka mabomba yakamwagika yote na kubaki yanakoroma. Ndivyo hewa inavyorudi mahali pake. Yalipokuwa yakimwagika, nilichonga vishikizo vya mbao, na kati ya mbao na bomba nikatia vipande vya kandambili iliyochakaa ili bomba lipate mahali laini pa kulala. Kiungo kimoja kilikuwa kinavuja. Mume wangu alinionyesha namna ya kuzungusha nyuzi za katani kwenye meno ya bomba, zifuate upande wa kukazia, na kuzipaka rangi kabla ya kukaza. Vidole vyake viliongoza vyangu. Kisha nikafunga mifereji, nikafungua koki kubwa, kidogo, nikingoja, kidogo tena.

Nikabonyeza. Maji yakashuka, yakawa membamba, yakanyamaza. Tulisimama tukitega masikio. Hapakuwa na kitu ila kunguru nje.

"Rudia," bibi alisema. Nikarudia. Halafu akanisogeza kando akabonyeza mwenyewe, akangoja, akabonyeza tena, na tena, mpaka mume wangu akasema, "Bibi, utaumaliza mji mzima maji." Na akacheka. Alicheka kwa sauti, kile kicheko chake cha zamani cha kuinua mabega. Nilikwenda kuosha mikono, na nikakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitaji mikono.

Bibi yule alitufanyia jambo ambalo sikumwomba. Kila alipokwenda harusini au matangani, alieleza habari za mafundi wake. Hakusema kipofu na mkewe. Alisema mafundi wangu. Tukaanza kuitwa, hapa Malindi kwanza, kisha Mambrui, kisha Kilifi, na baadaye Mtwapa ambako vyumba vya kupangisha vilikuwa vikijengwa kwa pupa na mabomba yakifungwa bila vishikizo. Kuna waliotukataa. Mlinzi mmoja Kilifi alitwambia wazi kwamba hawataki mwanamke apande juu ya dari yao, tukanywa madafu tukarudi nyumbani. Lakini waliotupokea walikuwa wengi, na wengi wao walitupokea kwa heshima, wakimwekea mume wangu kiti karibu na ukuta kwa kuwa walisikia kwamba yeye hufanya kazi kwa masikio.

Mama mkwe alikuja kutoka Rabai kuona kwa nini haturudi. Alikuja na mihogo na maneno yaliyopangwa. Asubuhi yake tulikuwa na kazi, naye akasema atafuatana nasi. Alikaa uani kwa wenye nyumba akinitazama nikishindana na bomba, leso nimeifunga kiunoni juu ya suruali ya mwanawe, na mwanawe ukutani akiniambia, kaza, regeza, subiri, sikiliza. Tulipomaliza, aliuchukua mfuko wa zana kutoka mkononi mwangu, akajitwika kichwani juu ya kata ya leso, akatangulia njia. Alikuwa mama mwenye nguvu bado. Mimi na mume wangu tulimfuata nyuma, yeye bega langu mkononi, na jioni hiyo tulikula mihogo kwa nazi, na habari ya kurudi Rabai haikutajwa tena.